MWAMUZI NA MATUMIZI YAKE
Kuamua, Kuchezesha, Kuongoza na Kusimamia

Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachowatosha refa uwanjani, kasisi katika arusi na ofisa yeyote aliyekabidhiwa shughuli ya hadhara aiendeshe. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya wajibu au wadhifa. Kwa hiyo hakielezi kazi inafanywaje, bali kinaeleza tu kwamba mtu yupo mahali pale kwa cheo chake. Mfasiri wa Kiswahili akutanapo nacho hutafuta neno moja la kukipokea. Kwa kuwa neno hilo halipo, hushika lililo karibu na mkono wake: leo "kuamua", kesho "kuongoza", keshokutwa "kusimamia". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo hayalingani, kwamba Kiswahili kina njia yake yenyewe ya kuyapanga, na kwamba kuyachanganya kunaweza kumpotezea mtu haki yake. Tutaanza na mwamuzi, kwa kuwa ndilo linalotumiwa sana na ndilo linalopewa mizigo isiyokuwa yake.

Asili ya neno

Kitenzi amua ni cha Kibantu, na ndugu zake wametapakaa toka Uganda hadi Afrika Kusini. Waganda wana okulamula, na jaji wao huitwa omulamuzi. Wazulu wana ukulamula, yaani kuingia kati ya watu wanaopigana na kuwatenganisha. Katika Kichewa kulamula ni kutawala au kuamrisha, na lamulo ni sheria au amri. Kiswahili kimepoteza sauti ya l katika mzizi huu kama kilivyoipoteza katika maneno mengine mengi. Mfungulo wa Wachewa ndio ufunguo wetu. Hata hivyo l hiyo haikutoweka kabisa. Huonekana tena tunaposema amulia na amuliwa, na hugeuka z katika mwamuzi na uamuzi, sawasawa na nunua inavyotoa nunulia na mnunuzi. Mwalimu anayeulizwa na wanafunzi wake z ya mwamuzi imetoka wapi anaweza kuwajibu hivyo.

Maana zote tatu, yaani kutenganisha, kukata shauri na kutawala, zimo katika neno letu au zilipata kuwamo. Ya kwanza ndiyo inayofaa kukumbukwa zaidi, kwa sababu inafifia. Wazee bado husema "nenda ukawaamue" waonapo vijana wameshikana mashati, na hapo hawakusudii kwamba uketi usikilize mashahidi. Wanataka ujitie katikati na kuwaachanisha kabla mtu hajaumia. Anayeamua kwa maana hiyo haulizi nani mwenye haki. Swali hilo huja baadaye, watu wakisha kutulia, na ndipo amua inapopata maana ya kukata shauri. Kutoka hapo ni hatua fupi kufikia maana ya leo iliyo nyepesi kupita zote: fulani ameamua kulala mapema, au ameamua kununua baiskeli. Hapana ugomvi hapo wala mtu wa pili, isipokuwa nia mbili zilizokuwa zikishindana katika moyo mmoja zimetenganishwa.

Maana ya utawala wanayo mbele yao wasomaji wa Biblia. Kitabu cha Waamuzi kinasimulia habari za watu kama Gideoni na Samsoni, ambao sehemu kubwa ya habari zao ni vita; katika kundi lao ni Debora anayeelezwa waziwazi kuwa watu walimwendea awaamulie mashauri yao. Msomaji aliyelifahamu neno hili kwanza kutoka uwanja wa mpira hushangaa kuona mwamuzi amebeba silaha. Hana haja ya kushangaa akikumbuka lamula ya Wachewa.

Neno hili lisichanganywe na amuru, ambalo pamoja na amri na amiri limetoka katika Kiarabu. Kufanana kwao ni kwa sadfa. Na tukiwa bado katika Kiarabu, yafaa kutaja kwamba lugha hiyo inalo neno hakam kwa maana ya refa na mwamuzi wa ugomvi, lenye mzizi mmoja na hakimu na hukumu. Sisi tulichukua hakimu na hukumu, tukaacha hakam. Refa tukampata kwa Waingereza.

Uwanjani

Refa alikuja na mpira wenyewe. Kwa asili yake ya Kiingereza jina hili lina maana ya mtu anayerejewa, na sababu yake ni ya kihistoria. Hapo zamani mchezo ulikuwa na waamuzi wawili, mmoja wa kila upande. Waliposhindwa kupatana walimrejea mtu wa tatu aliyekaa nje ya uwanja. Mwaka 1891 sheria zilibadilishwa. Yule wa tatu akaingizwa uwanjani akiwa na madaraka yote, na wale wawili wakapelekwa pembeni kuwa washika vibendera. Jina la kurejewa likabaki, ijapokuwa mwenye jina sasa yumo katikati ya mchezo na hasubiri kurejewa na mtu. Kiswahili kilipolipokea neno hakikupokea historia yake, na hapana hasara. Refa ni neno fupi, linapigiwa kelele vizuri kutoka jukwaani, na hatuoni sababu ya kulifukuza katika mazungumzo ya watu. Lakini katika kanuni, taarifa na vitabu vya shule mwamuzi lina faida kubwa zaidi kwa sababu linatoka katika kitenzi chetu na lina jamaa: uamuzi, kuamuliwa, kuamulia, na mbele yake mwamuzi wa kati, mwamuzi msaidizi na mwamuzi wa akiba. Refa hana jamaa. Mwamuzi, tena, halichagui mwanamume wala mwanamke. Salima Mukansanga wa Rwanda alipokuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2022, Kiswahili hakikuhitaji kubadili hata herufi moja.

Jina la mshika kibendera lilibadilishwa rasmi katika sheria za mpira mwaka 1996, akawa mwamuzi msaidizi. Badiliko hilo lilimpandisha hadhi, lakini katika Kiswahili neno "msaidizi" lazima lihesabiwe. Kibendera chake ni taarifa. Uamuzi ni wa yule wa kati, ambaye anaweza kukiona kibendera kimeinuliwa na bado akaacha mchezo uendelee. Vivyo hivyo kwa yule anayetazama picha za video, ambaye Kombe la Dunia lilimtumia kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Huyo hutazama, husema alichokiona, na mwisho wa yote anayeamua ni mwenye kipenga. Kwa hiyo tunapendekeza waandishi waseme "mwamuzi msaidizi wa video" kwa ukamilifu, angalau wanapomtaja mara ya kwanza. Wanaoandika "mwamuzi wa video" wanampa madaraka ambayo sheria haikumpa, kisha wanashangaa mashabiki wakimlaumu yeye.

Katika ndondi maana ya kale ya amua imehifadhiwa kuliko katika mchezo mwingine wowote. Mwamuzi aliye ulingoni huwaachanisha wapiganaji wanapokumbatiana, husimamisha pambano mmoja anapozidiwa, na huwatuma warudi kwenye pembe zao. Ni yule yule wa "nenda ukawaamue". Wanaotoa pointi wameketi nje ya ulingo na huitwa majaji. Mgawanyo huu ni mzuri, na mfasiri wa kanuni za ndondi asiuvuruge kwa kuwaita wote waamuzi.

Sasa tuangalie kitenzi, kwa kuwa hapo ndipo lugha imefanya jambo la werevu. Mwandishi wa michezo mwenye Kiswahili cha kawaida huandika: "Mwamuzi atakayechezesha mchezo huo ni fulani." Jina amelitoa katika amua, kitenzi amekitoa katika cheza. Haandiki "mwamuzi atakayeamua mchezo huo", na kama ataandika hivyo atakuwa amemtuhumu mtu. Kinachoamua mchezo ni bao, au uhodari wa timu, au kosa la mlinda mlango. Siku refa akiamua mchezo, watazamaji hawatatoka uwanjani kwa amani. Yeye huamua mambo yaliyomo mchezoni, moja moja: hili ni kosa, ule ni mpira wa kona, huyu ameotea. Mchezo wenyewe haamui, anauchezesha.

Wanaofanya mambo ya wengine yatimie

Chezesha ni umbo la kusababisha, na halikuzuka peke yake. Limo katika kundi la vitenzi ambavyo Kiswahili kimevitenga kwa kazi hii hasa. Imamu husalisha. Jaji Mkuu huapisha. Kasisi au shehe hufungisha ndoa. Mshereheshaji husherehesha. Mwenye zamu ya uenyekiti huendesha kikao. Katika kila mfano tendo la msingi ni la watu wengine, na mwenye wadhifa hulifanya tendo hilo litimie na kuhesabika. Wachezaji ndio wanaocheza. Lakini ishirini na wawili wakicheza bila mwenye kipenga, hayo ni mazoezi tu na matokeo yake hayaingii katika msimamo wa ligi. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapa kuwa Rais wa Tanzania, na Jaji Mkuu Ibrahim Juma alimwapisha. Kiapo kilikuwa cha Rais, maneno yalitamkwa na Rais, lakini maneno yale yale yangetamkwa sebuleni yasingekuwa kiapo cha Katiba.

Imamu ni wa pekee kidogo katika kundi hili, kwa kuwa naye anasali, hata yuko mbele ya wote katika kusali. Hata hivyo salisha imekaa sawa: sala yake ndiyo inayozifunganisha sala za walio nyuma yake zikawa sala moja.

Kwa hiyo mfasiri anapokutana na kile kitenzi cha Kiingereza tulichoanza nacho, swali lake la kwanza lisiwe "neno lake ni lipi?" bali "watu wanafanya nini pale?" Kama wanacheza, wadhifa ni kuchezesha, kama wanaapa, ni kuapisha, kama wanasali, ni kusalisha. Njia hii haitafika kila mahali. Kuzika, kwa mfano, hakukupata umbo la namna hii katika mazungumzo ya kawaida, na pale tunasema "kuongoza mazishi" au "kuongoza ibada ya mazishi". Lakini hufika mbali kuliko wengi wanavyodhani.

Pana tahadhari mbili. Ya kwanza ni juu ya ozesha. Katika ndoa ya Kiislamu mwenye haki ya kumwozesha mwanamke ni walii wake, yaani baba au anayesimama mahali pa baba, naye anaweza kumpa shehe uwakala wa kufanya hivyo. Basi mtu akiandika "aliozeshwa na Shehe fulani", msomaji hajui kama shehe alikuwa mwenye kuiendesha shughuli, au wakala wa walii, au yote mawili. Katika barua za kirafiki haidhuru. Katika shauri la mirathi, ambapo uhalali wa ndoa unaulizwa miaka thelathini baadaye, neno hilo moja linaweza kuleta mabishano. Tunashauri kufungisha ndoa kuwe kwa mwenye wadhifa, na kuozesha kubaki kwa walii.

Ya pili ni juu ya endesha. Neno hili ni pana na linatumika kwa gari, mashine, shule na mkutano. Lakini halina ndani yake dhana ya kutopendelea. Mwendesha mashtaka ni upande mmoja katika kesi, na kazi yake ni kuthibitisha hatia. Kwa hiyo "aliyeendesha kesi hiyo" linaweza kumtaja hakimu na linaweza kumtaja mshindani wa mtuhumiwa. Aandikaye habari za mahakama na aseme hakimu alisikiliza kesi, na mwendesha mashtaka aliiendesha.

Kiti na anayekikalia

Mwenyekiti ni jina linalotaja mahali, si kazi. Husema kwamba mtu ana kiti, basi. Bungeni desturi hii imefika hatua nyingine: wabunge husema "Kiti" wakimkusudia yeyote anayeongoza kikao kwa wakati huo, awe Spika, Naibu Spika au mmoja wa Wenyeviti wa Bunge. Mtu hubadilika, kiti kinabaki, na heshima inadaiwa na kiti.

Kazi ya mwenye kiti ni kuongoza, na kuongoza ni kuonyesha njia. Ndiyo maana mbunge husimama na kuomba mwongozo: anataka kuonyeshwa njia ya kanuni. Spika anapotoa uamuzi, kwa mfano kwamba hoja fulani haiwezi kujadiliwa, amefanya kazi nyingine kwa mamlaka mengine. Watoa taarifa wanaoandika "Spika alitoa mwongozo" kwa mambo yote mawili wanafuta tofauti ambayo Bunge lenyewe linaitunza.

Kuna wakati mmoja ambapo anayeongoza hugeuka kuwa mwamuzi mbele ya macho ya watu. Kura zikilingana, na kanuni za chombo zikimruhusu, mwenyekiti hupiga kura ya uamuzi. Neno hili linafaa kwa sababu linasema ukweli: kura hiyo inatenganisha pande mbili zilizoshikana. Baadhi ya watu huiita kura ya turufu, neno lililotoka katika mchezo wa karata. Hatukubaliani nao. Kura ya turufu imekwisha kupata kazi yake, nayo ni ile ya wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambapo mmoja anaweza kuzuia jambo lililokubaliwa na wengine wote. Kuzuia na kukata ni mambo mawili.

Juu ya mgeni rasmi tuseme machache. Hachezeshi, haongozi, haamui. Amealikwa ili ahutubie na kutoa zawadi. Ripoti za kigeni zinazomtaja kwa kitenzi kile kile cha Kiingereza zifasiriwe kwa kusema alikuwa mgeni rasmi, na yatosha.

Msimamizi

Simamia ni kusimama kwa ajili ya jambo au juu yake. Msimamizi wa mtihani, msimamizi wa mirathi na msimamizi wa ujenzi wote wana jambo moja: kitu si chao, lakini kikiharibika wao ndio wataulizwa. Katika uchaguzi neno hili limepewa maana za kisheria. Msimamizi wa uchaguzi ni ofisa anayebeba dhamana ya jimbo na kutangaza matokeo. Msimamizi wa kituo ni yule aliyewekwa mahali pa kupigia kura. Kumwandika mmoja kwa jina la mwingine ni kosa zito, hasa katika malalamiko ya uchaguzi, ambapo mahakama hutaka kujua hasa ni nani alitia saini karatasi gani. Wala msimamizi asichanganywe na mwangalizi. Mwangalizi hutazama na kuandika ripoti. Akinyoosha mkono kugusa sanduku la kura, amevunja sheria.

Msimamizi si mwamuzi. Hata yule wa kituo, anapokataa karatasi iliyoharibika, anatekeleza kanuni iliyokwisha kuandikwa. Wanaoshindana juu ya uchaguzi huamuliwa mahakamani.

Msuluhishi au mwamuzi?

Tumeliacha jambo hili hadi hapa kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote tuliyotangulia kusema. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tangu hapo kazi ya kufasiri sheria imekuwa kubwa, na maneno ambayo zamani yaliweza kupishana katika magazeti bila madhara sasa yanakaa katika vifungu vinavyomfunga mwananchi.

Suluhisha, kama msomaji atakavyokuwa amekwisha kuona, ni umbo lile lile la kusababisha. Mzizi wake ni suluhu, yaani mapatano. Hata waandishi wa michezo husema timu zimetoka suluhu zisipofungana hata bao moja. Msuluhishi basi yumo katika kundi la mwenye kuchezesha na kuapisha: wanaopatana ni wengine, yeye huwafanya wapatane. Wakikataa, hana la kuwafanya. Mwamuzi hangoji wakubali. Amepewa mamlaka ya kukata, naye hukata, na aliyeshindwa hubaki na haki ya kulalamika kwa ngazi ya juu kama sheria imemruhusu.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, imeyaweka maneno yote mawili katika jina lake, nayo hayakuwekwa kwa kupamba. Mfanyakazi anayelalamika kuachishwa kazi isivyo halali huanza mbele ya msuluhishi, na hatua hiyo imewekewa siku 30, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane kuongeza. Akitia saini makubaliano hapo, amekubali mwenyewe, na makubaliano yatamfunga. Asipokubali, hakuna aliyemshinda. Shauri linaweza kupelekwa kwa mwamuzi, na huyo ndiye anayetoa tuzo. (Tuzo hapa ni uamuzi wa maandishi, na mtu anaweza kupata tuzo inayosema hana anachodai. Kwa wananchi waliozoea tuzo kuwa zawadi ya mshindi, neno hili linahitaji kuelezwa kila linapotumiwa.) Sasa mfikirie mfanyakazi aliyeletewa barua yenye maneno "utafika mbele ya mwamuzi", ilhali ni kikao cha usuluhishi. Ataketi akidhani kila asemalo mwenye meza ni hukumu. Akiambiwa "chukua mshahara wa miezi mitatu", atachukua, kwa kuamini kwamba hana njia nyingine. Njia anayo, na neno moja limeifunga.

Mfano wa pili ni wa ardhi, nao unaonyesha mamlaka yakihama huku chombo kikibaki na jina lake. Kwa Sheria ya mwaka 2002 inayohusu mahakama za migogoro ya ardhi, Baraza la Kata liliweza kusuluhisha, na pia liliweza kuamua mashauri yenye thamani isiyozidi shilingi 3,000,000. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea uwezo wa kuamua. Leo kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Likishindwa linathibitisha kwamba limeshindwa, na mdai huenda na uthibitisho huo mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kata nyingi bado zina watu waliozoea kusema "baraza limeamua shamba ni la fulani", na yapo makabrasha yanayoandikwa kwa mazoea hayo. Katibu wa baraza anayeandika "Baraza limeamua" anaandika jambo ambalo baraza halina uwezo nalo. Aandike "Wadaiwa na mdai wamekubaliana", kama wamekubaliana, au "Usuluhishi umeshindikana". Mjane aliyenyang'anywa nusu ya shamba kwa karatasi yenye neno "limeamua" anaweza kukaa miaka bila kujua kwamba karatasi ile haimzuii kwenda mbele.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 159, inaitaka mahakama ikuze njia nyingine za kumaliza migogoro, na inazitaja mbalimbali. Mfasiri hapo anahitaji maneno matatu yasiyoingiliana. Tunapendekeza maridhiano kwa pande mbili kurudiana zenyewe, usuluhishi kwa kusaidiwa na mtu wa kati asiye na mamlaka ya kukata, na uamuzi kwa kukatiwa shauri na mtu waliyemkubali. Mpatanishi ni neno zuri pia, nalo twaliona liko karibu sana na msuluhishi. Anayelipenda alitumie, mradi ashike moja katika hati nzima na asiyabadilishe kwa kuogopa kurudia neno. Katika hati ya sheria kurudia neno si aibu.

Maneno machache juu ya umbo na tahajia

Mu mbele ya a huandikwa mw, kwa hiyo mwamuzi kama mwalimu na mwandishi, na "muamuzi" si sahihi. Katika wingi a ni mbili: waamuzi. Uamuzi hubaki na u yake, na wingi wake ni maamuzi. Siku hizi imezuka tabia ya kusema "maamuzi yangu ni haya" kwa jambo moja, pengine kwa kuwa maamuzi husikika zito zaidi. Uamuzi mmoja ni uamuzi. Wanafunzi na waelezwe hivyo tangu darasa la tatu.

Mahakamani hukumu ni ile inayomaliza kesi, na uamuzi mdogo ni ule unaotolewa njiani juu ya jambo lililozuka, kama vile kupokea au kukataa kielelezo. Neno "mdogo" halihusu urefu wa maandishi. Uamuzi mdogo unaweza kuwa wa kurasa arobaini. Makarani wanaolidondosha neno hilo ili kuokoa nafasi katika jedwali la mashauri wanawafanya wenye kesi waje mahakamani na ndugu zao wakidhani siku ya mwisho imefika.